Mkulima na Aonje Kwanza

Masika yamekwisha, na upepo wa kipupwe umeanza kushuka kutoka milimani. Katika sehemu nyingi za nchi yetu wenye mashamba ya mahindi wamekwisha kuvuna au wanangoja kuvuna, na majembe yao yamelazwa. Lakini wako watu ambao kwao huu ndio mwanzo wa kazi. Hao ni wenye bustani ndogo za mboga, wanaolima mabondeni na kando ya mito, ambao tangu Juni hata Oktoba hawategemei mvua bali ndoo, mfereji na nguvu za mikono yao. Nyanya, kabichi, karoti na mchicha tunaoununua wakati wa kiangazi, wakati majani yote ya porini yamekauka, hutoka kwao.

Juu ya watu hao twapenda kusema leo. Hatutasema juu ya bei ya mbolea wala juu ya ubaya wa barabara, maana hayo husemwa mara nyingi, na ni haki yasemwe. Twataka kusema juu ya jambo ambalo haliandikwi katika daftari la chama chochote cha ushirika: zile furaha ndogo ambazo Mwenyezi Mungu amezitia ndani ya kazi ya bustani, ambazo mkulima hupewa kila siku bila kulipa, na ambazo watu wengi, hata Wakristu wema, huzipita kana kwamba ni mali ya mtu mwingine.

Huenda msomaji mmoja akauliza kama hayo ni maneno ya kuandikwa na padre. Mtu aliyeamka saa 11 alfajiri ili kuteka maji, ambaye mgongo wamwuma na mikono imepasuka, ana nafasi gani ya kufurahi? Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu kwa mafundisho ya Mtume Paulo. Katika barua yake ya pili kwa Timoteo, sura ya 2, alipokuwa akimtia moyo kijana huyo avumilie taabu, alimpa mifano mitatu: askari, mshindani wa michezo, na mkulima. Na juu ya mkulima alifundisha kwamba yule afanyaye kazi kwa bidii ndiye anayestahili kuwa wa kwanza kupata sehemu ya mazao. Wa kwanza, asema Mtume, si wa pili nyuma ya mchuuzi, wala wa mwisho nyuma ya wadai wote. Twajua kwamba Mtakatifu Paulo alikusudia hasa kazi ya Injili. Lakini mfano wake usingekuwa na nguvu kama jambo lenyewe lisingekuwa kweli shambani.

Basi, mazao ya kwanza ya bustani ni yapi? Wengi watajibu: fedha. Lakini fedha huja mwisho. Mchicha huchumwa katika juma la tatu au la nne tangu kupandwa; kabichi yataka kama miezi 3, na karoti vivyo hivyo. Kama malipo ya mkulima yangekuwa fedha peke yake, angefanya kazi siku 90 bila ujira. Na Mungu wetu si bwana wa namna hiyo. Yeye ndiye aliyeamuru katika Sheria ya Musa kwamba kibarua maskini alipwe ujira wake siku ile ile, kabla jua halijachwa. Je, aliyewaamuru watu hivyo atamfanyia mkulima wake kinyume? La hasha. Humlipa kila siku, asubuhi na jioni, ila sarafu yake si ya kuhesabiwa kwa vidole.

Tutwae mfano wa Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, katika wilaya ya Mvomero. Msafiri apandaye huko kutoka Morogoro huona kwanza mlima mtupu, kisha, barabara ikizunguka, huona mteremko wote umekatwa matuta ya ngazi, moja juu ya jingine, kama ngazi za nyumba kubwa isiyo na paa. Katika kila ngazi mna bustani ya mtu: hapa kabichi, hapa njegere, hapa karoti, na pembeni mti wa pichi au wa plamu. Maji huletwa kwa mifereji iliyochimbwa kwa jembe, ikifuata ubavu wa mlima, na kila mwenye bustani ana zamu yake ya kuyageuza. Yanayosalia hushuka mtoni, na Mto Mgeta huyapeleka Ruvu, hata wakaaji wa Dar es Salaam huyanywa bila kujua yalipita katika kabichi za nani.

Tazameni sasa ujira wa siku moja. Mama afika bustanini jua halijatoka. Udongo ni baridi chini ya nyayo, na majani ya kabichi yamebeba umande uliojikusanya katikati kama maji ndani ya kikombe. Afungua mfereji kwa jembe moja tu la udongo. Maji yaingia kati ya matuta, kwanza yakisitasita, yakizunguka vitakataka, kisha yakikimbia. Na udongo uliokuwa mkavu watoa ile harufu ambayo kila aliyezaliwa shambani aijua, ijapokuwa hakuna aliyeweza kuieleza vizuri. Vyura wanyamaza kwa kitambo, kisha waendelea. Ndege washuka kuokota wadudu waliofukuzwa na maji. Ng'ambo ya bonde jirani naye yuko kazini, haonekani kwa ukungu, lakini sauti yake yafika: “Wamka salama, dada?” Naye ajibu kwa sauti kubwa, na habari za mgonjwa, za harusi na za mbuzi aliyezaa zavuka bonde kabla jua halijavuka mlima.

Jua likipanda, watoto wafika na kikapu: viazi vitamu vilivyochemshwa na chai ya moto katika chupa. Waketi chini ya mgomba. Nani asiyejua kwamba kiazi kilicholiwa shambani chapita pilau iliyoliwa kwa wasiwasi? Kitabu cha Methali chafundisha jambo lilo hilo, kwamba chakula cha mboga palipo na mapendo ni bora kuliko ng'ombe aliyenona palipo na chuki. Na mtu aliyeandika hivyo bila shaka alikuwa amekula mboga nyingi. Kisha mtoto mdogo ang'oa karoti moja. Aifuta kwa kanga ya mama, kwa kuwa maji ya mfereji hayafai kuoshea kitu kinacholiwa kibichi (tafadhali, akina mama, msilisahau hilo), aiuma, nayo yalia kwa sauti ya kukatika. Yule mkubwa aenda akiinama kwenye tuta la kabichi, akizibonyeza moja moja kwa kidole, mara apiga kelele: “Mama, hii imefunga!” Na mama, ambaye aliijua tangu jana, aja kutazama kana kwamba hajui.

Hayo ndiyo tunayoyasema. Harufu ya jani la nyanya inayoganda mikononi hata baada ya kunawa. Nyanya iliyoiva juani, ikapasuliwa kwa dole gumba na kutiwa chumvi kidogo. Kivuli cha saa 7. Jioni, miche iliyopandikizwa jana na kulala chini kama wagonjwa, leo imesimama. Kuosha miguu katika mfereji kabla ya kurudi nyumbani, huku maji yakichukua matope ya siku nzima. Hakuna hata moja katika hayo linaloweza kupelekwa sokoni. Na kwa sababu hiyo wengi hudhani si kitu.

Lakini Kanisa halikudhani hivyo. Mwaka 1975, mwaka wa Jubilei, Baba Mtakatifu Paulo VI aliwaandikia Wakristu wote waraka mzima juu ya furaha. Mle ndani, kabla ya kuieleza furaha ya mbinguni, alizitaja furaha za kawaida za kibinadamu ambazo Muumba ameziweka njiani mwetu: furaha ya kuwa hai, ya mapendo safi, ya utulivu wa viumbe vya asili, na ile furaha, mara nyingine iliyo ngumu, ya kazi iliyofanywa vema. Alifundisha kwamba mtu asiyejua kuzionja hizo atapata shida kuielewa furaha ya Kristu. Naye Mhubiri wa Agano la Kale, mtu aliyetazama dunia kwa jicho kali na kuona ubatili karibu kila mahali, alisimama mara kadhaa katika kitabu chake na kukiri kwamba kula na kunywa na kuona mema katika kazi ya mikono ni zawadi itokayo mkononi mwa Mungu.

Wako wazee watakaosema: kazi ni adhabu ya dhambi, tangu Adamu tunakula kwa jasho. Ndugu zetu hao wameisoma sura ya 3 ya Kitabu cha Mwanzo, wakairuka ya 2. Maana kabla ya dhambi, kabla ya nyoka, kabla ya miiba, Mungu alikwisha kumweka mtu katika bustani ailime na kuitunza. Dhambi haikuleta kazi. Ilileta miiba ndani ya kazi. Kwa hiyo mtu anayelima ana vyote viwili: ana jasho la sura ya 3, na asubuhi, ikiwa macho yake yako wazi, ana masalio ya sura ya 2.

Hapa ndipo twafika penye uzito, nasi twaomba wazazi watusikilize kwa uvumilivu. Kila mara twasikia wakilalamika kwamba vijana hawataki shamba. Kijana akipata nauli, ashuka mjini kuuza maji ya chupa barabarani. Jambo hili si geni: Baba Mtakatifu Yohane XXIII, aliyezaliwa katika nyumba ya wakulima kule Sotto il Monte, nchini Italia, alilijadili katika barua yake ya tarehe 15 Mei 1961, akiuliza kwa nini watu huacha mashamba na kukimbilia miji. Alitaja sababu nyingi za uchumi, nazo zipo hata leo. Lakini kwetu yafaa tuongeze sababu moja: je, kijana huyo aliwahi kuonjeshwa uzuri wa bustani, au alionjeshwa jasho lake tu?

Tufikiri. Mtoto akichelewa darasani, hupewa jembe. Akivunja kikombe nyumbani, apelekwa kupalilia. Akifanya vizuri, akishinda mtihani, tuzo yake ni nini? Ni kuachiliwa asiende shambani. Basi kwa miaka kumi twamfundisha kwamba jembe ni fimbo ya mti mwingine; kisha akifika umri wa miaka 18 twashangaa kwamba halipendi. Katika Seminari Kuu nako kulikuwa na saa ya kazi za mikono, na sisi tuliosoma huko twakumbuka vema: waliotumwa bustanini kwa kosa waliziua mboga kwa haraka, na waliokwenda kwa kupenda walirudi wamechelewa kengele.

Milima hiyo ya Uluguru ina fundisho juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru watu wakate matuta ya ngazi ili kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Shabaha yenyewe haikuwa mbaya. Lakini watu walilazimishwa, walitozwa faini, na katika sehemu nyingi walichimba matuta wasiyoona faida yake. Hata mwaka 1955 ghasia zikatokea. Ila upande wa Mgeta, palipokuwa na maji ya mfereji na mboga za kuuza, watu waliyashika matuta kwa hiari, na hata leo msafiri huyaona. Mlima ni mmoja, jembe ni moja, jasho ni moja. Tofauti ni kwamba upande huu mtu aliona jani la kijani juu ya tuta lake.

Yafaa pia tuulize ni nani anayeonja. Bustani ya kiangazi, mara nyingi, humwagiliwa na mama na watoto. Hao ndio wanaojua ni mche upi ulikuwa mgonjwa. Siku ya mavuno gari hufika, matenga yashonwa, magunia yajazwa hata yatokeze juu kwa lumbesa, ambayo serikali imekwisha kuikataza na ambayo ni wizi ulio wazi. Na baba, aliyeonekana bustanini mara mbili, ndiye anyoshaye mkono kupokea fedha. Kati ya Waluguru ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na ardhi nyingi hupita njia hiyo. Lakini hata huko, kama mahali pengine, udongo waweza kuwa wa mama na mfuko ukawa wa baba. Akina baba, hatuwasemi wote. Wako wanaoamka kabla ya wake zao. Lakini yule aliyesomewa Mtume Paulo akaelewa kwamba “mkulima” ni yeye peke yake, na aisikie tena ile sura ya 2. Afanyaye kazi ndiye wa kwanza.

Wala kuonja si fedha tu. Tumesikia habari za nyumba ambazo kila nyanya nzuri ni ya sokoni, na zinazobaki kupikwa ni zile zilizooza ubavu. Watoto wanalima karoti msimu mzima wasile hata moja, kisha baba awanunulia soda ya rangi kwa bei ya kilo mbili za karoti, naye ajiona amewapenda. Sheria ya Musa ilikataza hata kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Ng'ombe huyo aliruhusiwa kula akiwa kazini! Je, mtoto wa Mkristu awe na haki ndogo kuliko ng'ombe wa Myahudi?

Na sasa neno gumu kuliko yote. Wako wakulima ambao wana matuta mawili. Moja ni la nyumbani, dogo, karibu na mlango. Hilo halipuliziwi dawa, au lapuliziwa kidogo. Jingine ni la sokoni, kubwa. Hilo hupuliziwa dawa ya wadudu leo, na kesho kutwa huvunwa, ingawa kibandiko cha chupa chaeleza siku ambazo mtu lazima angoje kati ya kupulizia na kuvuna. Mtoto anyosha mkono kuchuma nyanya. Baba asema: “Usichume hapo, mwanangu, hizo ni za sokoni. Chuma kwenye tuta la mama yako.” Mtoto aondoa mkono. Amefundishwa dini siku hiyo, lakini si dini yetu. Amefundishwa kwamba mtoto wa Kariakoo si ndugu yake.

Hatusemi kwamba dawa ni haramu. Nyanya hushambuliwa na wadudu na ukungu, na mtu aliyekopa kununua mbegu hawezi kukunja mikono na kutazama. Twasema kwamba siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa zina nguvu juu ya dhamiri, kama vile mizani ilivyo na nguvu juu ya mwuza sukari. Na mwenye kuzivunja kwa kujua, huku akiwaepusha watoto wake mwenyewe, atende toba yake katika kitubio, wala asiseme “ni biashara”. Bustani ambayo mwenyewe haogopi mwanawe achume popote na kula: hiyo ndiyo bustani ya mtu huru. Mwenye tuta asiloweza kula yeye amekwisha kujinyang'anya ile furaha tuliyoitaja mwanzo, akaiuza pamoja na matenga.

Twarudi kwenye mfereji, kwa kuwa huko nako furaha ya mmoja huibiwa na mwingine. Katikati ya kiangazi maji hupungua. Zamu ya mjane ni usiku wa Jumanne. Anapofika, akuta mfereji mkavu, maana mwenye nguvu juu yake ameufunga. Msomaji akumbuke mfalme Ahabu. Wengi hudhani alilitaka shamba la Naboti kwa sababu kubwa ya kifalme. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, chasema alitaka kulifanya bustani ya mboga kwa sababu lilikuwa karibu na nyumba yake. Kwa ajili ya mboga damu ilimwagika, na nabii Elia akatumwa. Wenyeviti wa kamati za maji walio Wakatoliki wangefanya vema kuisoma sura hiyo kabla ya Septemba.

Lakini tusimalize na Ahabu, hali tunaye mtu bora. Mwezi wa Mei Kanisa humkumbuka Mtakatifu Isidori Mkulima, wa Madrid huko Uhispania. Hakuwa padre, hakuwa mtawa, hakuwa na shamba lake. Alikuwa kibarua aliyelima ardhi ya tajiri, mwenye mke jina lake Maria, ambaye naye huheshimiwa na Kanisa. Tarehe 12 Machi 1622 Papa Gregori XV alimtangaza mtakatifu siku moja na Inyasi wa Loyola, Fransisko Ksaveri, Teresa wa Avila na Filipo Neri. Tazameni orodha hiyo: waanzilishi wa mashirika, mmisionari mkuu, mwalimu wa sala, na kati yao kibarua na jembe lake la ng'ombe.

Husimuliwa kwamba siku moja ya baridi Isidori alikuwa akipeleka gunia la ngano kusagwa. Njiani aliona njiwa wakitangatanga na njaa kwa kuwa ardhi ilikuwa imefunikwa na theluji. Akasimama, akafagia mahali kwa miguu, akawamwagia nusu ya gunia, na kuketi kuwatazama wakila. Wenzake wakamcheka. Masimulizi yaendelea kusema kwamba alipofika kwenye kinu gunia lilikuwa limejaa. Kila mtu na aamini mwujiza huo kwa kadiri ya imani yake. Sisi twaona la ajabu zaidi ni lile la kwanza, kwamba kibarua mwenye gunia begani alisimama kutazama ndege. Wakulima wengi tunaowajua wangewaona njiwa hao kama wezi, na pengine kwa haki. Isidori aliwaona kwanza kama njiwa.

Imebaki barua ya msomaji mmoja mwanamke, mwenye bustani, aulizaye kama anaruhusiwa kumwagilia Jumapili. Hatutaji jina lake, lakini swali lake ni la wengi, nasi twalijibu hapa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1247, yataka Jumapili na sikukuu za amri waamini washiriki Misa Takatifu, na waache kazi zinazozuia ibada, zinazozuia furaha iliyo ya siku ya Bwana, au zinazozuia pumziko la roho na mwili. Mwone, mama, kwamba sheria yenyewe yataja furaha. Na Bwana wetu, alipokemewa kwa kumponya mwanamke siku ya Sabato, aliwauliza wakubwa wa sinagogi kama hakuna kati yao amfunguaye ng'ombe wake siku hiyo na kumpeleka kunywa maji. Mche wa kitaluni wa siku kumi ni mdogo kuliko ng'ombe, lakini una kiu iliyo upesi zaidi. Ukikosa maji siku moja ya jua kali, waweza kufa. Basi umwagilie asubuhi na mapema, kisha oga, uvae, uende Misa pamoja na watoto. Palizi, kupandikiza na kushona matenga vingoje Jumatatu, hata kama mchuuzi amepiga simu. Na mchana, mkipenda kupita bustanini nyote, baba akiwemo, bila jembe wala ndoo, kutazama tu ni kabichi ngapi zimefunga na kula karoti mbili tatu, hiyo siyo kazi.